Kichwa cha Nasieku

Jumatatu, 3 Septemba 2007

Shule imefunguliwa leo na mimi tayari nimechoka. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Mathenge, ametuweka ofisini dakika arobaini akituhubiria habari za usafi wa vyoo. Tulipokuwa tunanyanyuka ndipo akaniambia, hivi hivi tu, kwamba kitengo changu kitapokea roboti. Nikamuuliza kama chaki nazo zitakuja. Akacheka tu.

Nimejiahidi kuandika muhula huu wote, basi niandike vizuri. Kitengo maalum ni kile chumba cha nyuma, kando ya tangi la maji. Nina watoto sita, wote wana usonji, na msaidizi sina tangu Aprili. Roboti ni ya kijana anayeitwa Gurdial, mtoto wa mzee Harbans Singh anayefunga upya mota za pampu kule mjini. Gurdial amesomea mambo haya Uingereza, na sasa anataka kuona kama mashine yenye uso inaweza kuwafundisha watoto wetu kusalimia, kungoja zamu, kumtazama mwenzao. Anasema nyuso za watu huwachosha watoto hawa kwa sababu hazitulii. Wangu, nikamwambia, haujatulia tangu nianze ualimu mwaka wa tisini na nne.

Ofisi ya elimu ya wilaya imekubali kwa sharti moja, kwamba nijaze fomu kila siku kwa kila mtoto. Ninayoiogopa ni safu ya tano: "Amejiumiza au ameumiza wengine, mara ngapi." Kanuni tunaijua sote. Namba zikipanda wiki tatu mfululizo, kamati humrudisha mtoto nyumbani mpaka atulie. Wanaorudishwa huwa hawaonekani tena, na mimi huwa siulizi.

Alhamisi, 6 Septemba

Mvua. Tangi limefurika, tumefagia maji mpaka chai ya saa nne.

Jumatatu, 10 Septemba

Roboti imefika, imekaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya mzee Harbans na mkanda imefungiwa. Kimo chake ni cha mtoto wa darasa la pili. Mwili ulikuwa sanamu ya kuvalishia nguo katika duka la Rupinder, shangazi yake Gurdial. Uso ni wa mpira laini, macho yanafumba na kufumbua, shingo inageuka, na mkono wa kulia unanyooka kukupa salamu. Nyuma ni waya tupu. Ili watoto wasizivute, Gurdial ameifunika shuka nyekundu aliyonunua vibandani Maai Mahiu, na utosini, palipo na parafujo kubwa, ameiwekea kofia ya pama ya mitumba. Yeye mwenyewe hukaa nyuma ya pazia na rimoti, akichungulia kwenye tundu.

Jina limetutoa jasho. Gurdial alitaka kuiita Karanja, kwa heshima ya fundi wa babake. Mwalimu Mathenge akakataa katakata. Mwaka huu wa uchaguzi, akasema, kila jina lina kwao, na yeye hataki kuulizwa na wazazi kwa nini mashine ya serikali ni ya kabila fulani. Tukajaribu mengine manne, yote yakawa na kwao. Mwishowe ikaitwa Mgeni.

Jumatano, 12 Septemba

Leo ndiyo siku ya kwanza kazini. Mgeni husema kwa sauti ileile, bila kuchoka: "Habari ya asubuhi. Mimi naitwa Mgeni." Kisha hunyoosha mkono na kungoja. Ogola, ambaye ana miaka kumi na mmoja na huzungumza kwa matangazo ya redio peke yake, aliizunguka mara tatu, akaushika ule mkono na kumwambia kwamba bei zetu hazina mpinzani. Gurdial alicheka nyuma ya pazia mpaka nikakohoa.

Halafu Nasieku akanyanyuka. Huyu ana miaka tisa. Babake ni Ole Sempeyo, Mmaasai anayefanya kazi na wachimbaji wa visima vya mvuke kule Olkaria, naye mtoto anakaa na shangazi yake hapa mtaani Section 58. Tangu Januari hajatamka neno, hajamtazama mtu usoni, na hajamkaribia yeyote kwa hiari yake. Leo akatoka kwenye dawati bila kuitwa, akatembea moja kwa moja mpaka kwa Mgeni.

Alipofika akainamisha kichwa na kuusukuma nacho ule mkono. Gurdial akaogopa nywele zisije zikanaswa, akaurudisha mkono. Nasieku akasonga mbele akagonga kifua cha mpira kwa utosi, tena, na tena. Nilipomvuta akapiga mayowe ambayo sijawahi kuyasikia kwake.

Safu ya tano: 4.

Ijumaa, 14 Septemba

Nasieku 7. Wengine sufuri wote, hata Ogola anayeng'ataga.

Jumanne, 18 Septemba

Nimemfumia kofia ya sufu, nene, imkinge. Aliivua akaitupa dirishani, akaenda kugonga na kichwa kitupu. 7.

Ijumaa, 21 Septemba

8. Mgeni akinyoosha mkono, yeye huja. Mkono ukirudi, hugonga. Kuna wakati husimama ameinama hivyo bila kugonga, dakika nzima, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu sijui anangoja nini.

Ijumaa, 28 Septemba

Shangazi yake Nasieku amekuja baada ya zamu yake hospitalini. Ni mwanamke mtaratibu, anaongea akitazama mikono yake. Nilimwonyesha fomu. Akazisoma zote, kisha akaniuliza polepole kama namba hizi ndizo zile za kurudisha watoto. Sikuweza kumdanganya.

Ndipo akanieleza. Boma la kaka yake liko karibu na mabomba ya mvuke. Nasieku anaupenda ule mngurumo na lile joto. Alipokuwa na miaka saba walimkuta mara mbili ukingoni mwa dimbwi la maji ya kisima, maji ambayo yangemchemsha mtu mzima. Baba yuko kazini, mama yuko na mbuzi, kijiji hakina ua. Basi wakamfunga kamba mguuni, kwenye nguzo ya nyumba, kuanzia asubuhi hadi jioni. Amekaa kwenye kamba miaka miwili kabla hajaletwa kwangu. Shangazi alisema kaka yake hajawahi kulala vizuri tangu aifunge ile kamba, na kwamba akirudishiwa mtoto ataifunga tena, atafanya nini?

Alama iliyo kwenye kifundo cha mguu wa Nasieku nimeiona tangu Januari. Nilidhani ni ya soksi.

Jumatano, 3 Oktoba

Magari ya kampeni yameanza kupita na vipaza sauti, ya chama hiki asubuhi, ya kile mchana. Yakikata kona ya tangi, watoto wangu wote sita huziba masikio na kuingia chini ya madawati. Nami natamani kuingia. Nasieku 9.

Jumatatu, 8 Oktoba

11.

Nimemwambia Gurdial aondoe hiyo mashine yake. Nimesema kwa hasira, kwamba amekuja kufanya masomo yake juu ya kichwa cha mtoto wa watu. Alifungua waya moja moja, akambeba Mgeni mgongoni mpaka kwenye pikapu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Siku ya tatu bila Mgeni. Nasieku amelala sakafuni pale kiti cha Mgeni kilipokuwa. Hali chakula. Amejing'ata kiganja mpaka damu. Kumbe ni afadhali kugonga. Nimempigia Gurdial simu kwa aibu nikamwomba airudishe.

Jumatano, 17 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Mwalimu Mathenge ameniita akanisukumia ripoti ya wiki tano. Nimemwambia mtoto huyu akirudi kwao anarudi kwenye kamba, nikamweleza habari ya dimbwi. Alinisikiliza, si mtu mbaya. Kisha akasema, "Madam, hesabu ni zako. Mimi nitasema umekosea kuhesabu?"

Sikukosea kuhesabu. Nimetia sahihi. Baba ameitwa kuja kumchukua Jumatano ijayo. Ripoti imepelekwa wilayani alasiri hii hii, na mimi nimekwenda nyumbani nikamkaripia mume wangu kwa sababu ya kijiko.

Jumatatu, 22 Oktoba

Nimefunga nguo zake za akiba kwenye mfuko. Hajui. Au anajua, nani ajuaye.

Jumatano, 24 Oktoba

Niandike kila kitu kilivyokuwa, nisijipunguzie.

Ole Sempeyo alifika saa tatu na buti za kazi zenye matope meupe ya visima. Ni mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake ni cha mahesabu, kila neno analipima. Alinisalimia, akapokea mfuko wa nguo bila kuufungua, akauliza kama anaweza kumwona mtoto akiwa darasani mara moja kabla hajaondoka naye. Nikasema anaweza. Tukasimama mlangoni.

Mgeni alikuwa anaanza: habari ya asubuhi, mimi naitwa Mgeni. Mkono ukanyooka. Nasieku akanyanyuka, akaenda, akainamisha kichwa. Mkono ukarudi. Akagonga kifua. Nilitaka kukimbia kumvuta kama kawaida, lakini Ole Sempeyo alinishika kiwiko.

"Mwalimu," akasema, "hajigongi. Anasalimia."

Sikumwelewa. Akasema tena: "Anataka ashikwe kichwa. Mtoto wetu akimwamkia mzee huinama, mzee humwekea mkono hapa." Akajigusa utosini. "Huyo mzee wenu hamwekei. Ndiyo maana anarudia."

Nikamtazama Mgeni. Nikaiona shuka nyekundu. Nikaiona ile kofia. Mungu wangu, wiki sita nimeitazama shuka ile na sikuiona.

Ole Sempeyo alikuwa analia, mtu mzima, amesimama na mfuko wa nguo mkononi. Aliniambia kwamba Nasieku hajawahi kumwinamia mtu tangu azaliwe. Walidhani hajui. Babu yake, yaani baba wa Ole Sempeyo, alikuwa akimwita kila asubuhi na kumwekea mkono hewani, kila asubuhi, na mtoto anapita tu. Mzee amekufa mwezi wa Juni. "Alikuwa anaona," akasema. "Alikuwa anaona yote, kumbe."

Gurdial alikuwa ametoka nyuma ya pazia, rimoti mkononi, uso umempauka. Alisema neno moja tu kwa sauti ndogo, kwamba amemvisha mashine kama mzee wa Kimaasai halafu akashangaa inapoheshimiwa.

Na mimi je? Nimezaliwa Naivasha. Nimepita barabara ya Narok mara ngapi, nikawaona watoto wanakimbia kutoka kwa mbuzi wao na kuinamisha vichwa kwa wazee wanaopita? Mara mia. Najua salamu ile kama ninavyojua jina langu. Lakini hawa sita nilishawaweka mahali ambapo mila haifiki. Nilimwona Nasieku kama ugonjwa unaotembea. Haikunijia hata mara moja kwamba mtoto huyu ana kwao, na kwamba kwao kumemwingia.

Nimemwomba babake amwache mtoto mpaka nijue la kufanya. Akaniachia na ule mfuko.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nimemwambia Mwalimu Mathenge. Alipanga kalamu zake moja moja. Kisha akanieleza yale ambayo nilikuwa nimekesha nikijieleza mwenyewe: ripoti imefika wilayani na sahihi yangu. Nikiiondoa, nitaandika barua kwamba nimemhesabia mtoto salamu kuwa kujiumiza kwa wiki sita, na barua hiyo itakaa kwenye faili langu. Wataanza kuuliza ripoti zangu zote za nyuma. Kitengo chenyewe, ambacho hakina msaidizi wala chaki, kinaweza kufungwa kwa barua moja kama hiyo. Watoto watano wengine watakwenda wapi?

Kamati itakaa tarehe sita Novemba, na afisa wa elimu atakuwepo. Nina siku kumi na mbili za kuogopa.

Ijumaa, 26 Oktoba

Barua nimeiandika. Nimeipeleka kwa mkono wangu kabla sijabadilisha nia. Karani aliigonga muhuri huku akila muhogo.

Jumatatu, 29 Oktoba

Gurdial amefungua bega la Mgeni akaweka mota nyingine, ndogo, ya kutoka kwenye mashine ya kufulia. Sasa mkono unapanda na kushuka polepole. Tumeujaribu juu ya kichwa changu mara ishirini. Ni mzito kidogo, baridi.

Nasieku alikuja. Akainama. Mkono ukashuka, ukatua. Alikaa hivyo kama unavyokaa mtu anaposikiliza. Kisha akainuka, akageuka, akarudi kwenye dawati lake na kufungua daftari. Hakugonga. Hakurudia. Gurdial alitoka nje, akasimama kando ya tangi la maji akilipa mgongo dirisha letu. Mimi nimelia waziwazi, sina haja ya kujificha kwenye kitabu changu mwenyewe.

0.

Alhamisi, 1 Novemba

0 tena. Mara moja kila asubuhi, basi. Sasa naogopa kwa namna mpya, maana nina kitu cha kupoteza.

Jumatatu, 5 Novemba

Mvua kubwa, na unyevu umeingia kila kitu. Mota ya bega imekwama mara mbili leo mchana. Gurdial ameipaka mafuta akasema hakuna neno. Mtu akisema hakuna neno, ujue lipo.

Jumanne, 6 Novemba

Walikuja wanne: Mwalimu Mathenge, mwenyekiti wa kamati Bwana Nilesh ambaye ana duka la vitambaa, mzazi mmoja aliyekuwa na haraka, na afisa wa elimu, mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyekundu. Afisa alikuwa na barua yangu mbele yake. Akanitaka niisome kwa sauti. Nikaisoma. Nilipofika mahali pa "nilihesabu salamu," Bwana Nilesh alishusha macho, nami nikamshukuru kwa hilo.

Afisa akasema barua ni barua, yeye anataka kuona. Tukaingia darasani, wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti juu. Babake Nasieku alisimama mlangoni na buti zake.

Mgeni akasema habari ya asubuhi. Nasieku akanyanyuka. Wakati huohuo gari la kampeni likakata kona ya tangi na kipaza sauti chake, na watoto watano wakaingia chini ya madawati. Nilidhani naye atakwenda. Alisita, mikono masikioni, kisha akaendelea. Akafika. Akainama.

Mkono haukuja.

Nilisikia mota ikiunguruma ndani ya shuka, mngurumo wa kitu kilichonaswa. Kiganja kilitetemeka pajani pa Mgeni, hakikupanda. Nasieku ameinama. Nyuma ya pazia nilisikia Gurdial akibofya, akibofya. Nikahesabu moyoni, ndiyo kazi ninayoijua: kumi, ishirini, thelathini. Afisa akafungua kalamu yake. Nikalingoja lile pigo la kwanza, na pamoja nalo nikaona kamba, nguzo, asubuhi hadi jioni. Nilitaka kuruka nikamwekee mkono mimi. Lakini hakuwa ameniinamia mimi, na salamu ya mtu haidakwi. Nilibaki pale, nikaendelea kuhesabu.

Kwenye hamsini na kitu Nasieku aliinua kichwa. Akautazama ule mkono. Aliutazama hasa, kama ambavyo sijawahi kumwona akitazama kitu cha mtu. Kisha akaushika kwa mikono yake miwili, akauinua, na ulikuwa mzito, niliona mabega yake yakikaza. Akainama chini yake na kujiwekea utosini. Ukateleza. Akauokota tena, akauweka tena, akaushikilia hapo kwa muda wake. Alipotosheka akaurudisha pajani pa Mgeni, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha wenyewe. Akaenda kukaa.

Chini ya dawati Ogola akatangaza kwamba ofa ni mpaka Jumamosi.

Afisa alikuwa ameikamata fomu. Aliitazama juu, akaitazama chini, akaniuliza, "Hilo utaliandika safu gani, Mwalimu?"

Nikamwambia halina safu.

"Basi liandike nyuma ya karatasi," akasema, akaikata namba ya ripoti yangu kwa ile kalamu nyekundu, mstari mmoja. Nasieku anabaki. Kitengo kinabaki. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na kazi: nipitie ripoti zangu zote za miaka mitatu likizo hii, nimwonyeshe wapi fomu haina nafasi. Nilimjibu ndiyo kwa furaha. Leo ningejibu ndiyo kwa chochote.

Ijumaa, 9 Novemba

Tumefunga mapema, darasa la nane wana mtihani wiki ijayo. Ole Sempeyo alikuja kumchukua binti yake kwa likizo. Ameniambia amechukua likizo yake yote ya mwaka, atakaa naye nyumbani mchana, kamba ameichoma. Januari atamrudisha siku ya kwanza.

Nasieku alipotoka, babake alisimama mbele yake akauweka mkono hewani, chini kidogo. Nasieku akapita. Alimpita kama mlango, akaenda kusimama kwenye gari. Nilianza kumpa pole.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Sasa najua anaona. Nitaweka tu kila asubuhi."

Jumatatu, 12 Novemba

Shule tupu. Nimekaa katika chumba cha walimu na mafaili ya miaka mitatu. Watoto ishirini na wawili wamepita kwenye kitengo changu. Wanne nimewarudisha nyumbani.

Nilianza na wa mwisho, wa mwaka jana, nikidhani ndiye rahisi. Lewis Mburu, miaka tisa, wa Molo, analelewa na nyanya yake mzaa baba, mkulima wa viazi. Nilimkumbuka mara moja na sikumkumbuka kwa wema. Safu ya tano imejaa. Chini, kwenye nafasi ya maelezo, mwandiko ni wangu, mzuri, wa kalamu ya bluu: "Hujitemea mate viganjani na kuwapaka wenzake na mwalimu vifuani. Hasa saa ya kwenda nyumbani. Amekanywa. Ameadhibiwa. Haachi."

Nimeusoma mstari ule mpaka chai ikapoa.

Asubuhi niliyokuwa naondoka kwenda chuo cha ualimu, nyanya yangu aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa kipofu wa jicho moja. Alijitemea mate viganjani, kidogo tu, akanipaka kifuani, akaniambia niende salama nirudi salama. Hivyo ndivyo wazee wetu sisi Wakikuyu wanavyombariki mtu anayeondoka. Sikukiosha kifua kile siku nzima.

Mila ya Kimaasai ningeweza kusema ni ya jirani, haikunijia. Hii je? Hii ni ya nyumbani kwetu, ya mama yangu, iko kwenye ngozi yangu. Mtoto alikuwa anasimama mlangoni kila jioni na kutuaga kama alivyoagwa na nyanya yake, na mimi nilimfuta mate na kitambaa, nikamchapa viganja, nikafungua fomu.

Mara thelathini na moja. Mtoto alitubariki mara thelathini na moja, na mimi niliandika kila moja, na siku ya thelathini na moja nikatia sahihi.

Hakuna simu kwenye faili, kuna jina la shamba tu. Wanasema huko juu Molo watu wameanza kuhama kwa sababu ya kura, sijui kama Lewis na nyanya yake bado wapo. Mume wangu amesema ningoje uchaguzi upite. Nimeuliza stendi. Gari la kwanza la Molo linatoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, nami nimeshalipia kiti.